Tembe za Mjomba

Kila Jumapili jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, mimi huketi kitandani mwa mjomba na kuhesabu tembe. Nazimwaga kwenye sahani ya plastiki, nazipanga tatu tatu, halafu naandika kwenye daftari: zimebaki ngapi, zitaisha siku gani, na ni siku gani lazima niwe nimenunua zingine. Daftari lenyewe lilikuwa langu la chuo. Kurasa kumi za mwanzo zina noti za uchumi. Zilizobaki zote ni hesabu ya baklofeni.

Mjomba huniangalia kama mtu anayemwangalia keshia wa benki akihesabu pesa zake. "Mwanafunzi, umefika ngapi?" huniuliza. Bado ananiita mwanafunzi, ingawa niliacha chuo mwaka wa 2020 na sijarudi.

Nimeandika habari hii kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliijua dawa hii kwa jina moja tu, "ya misuli", na kutojua kwangu nusura kumuue mtu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia yake kidogo kidogo, usiku, kwenye simu. Mimi si daktari. Sikumaliza hata digrii ambayo haihusiani na udaktari. Lakini kuna mambo katika historia ya tembe hii ambayo yangetufaa sana mapema, na nadhani ziko nyumba nyingine hapa mtaani ambako kuna mtu anayetumia "ya misuli" bila kujua zaidi ya hapo.

Mjomba alikuwa hamali. Mtu asiyeijua Eastleigh, au Isili kama tunavyoiita, pengine hajui hilo linamaanisha nini. Mtaa huu ulianzishwa mwaka wa 1921, na kwa miongo mingi ulikuwa hasa makazi ya Wahindi, pamoja na Wasomali ambao wamekuwa hapa tangu zamani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, waliokimbilia hapa walianza kuuza nguo na vifaa vya umeme kutoka vyumba vya kulala wageni. Garissa Lodge, nyumba ya wageni, ikageuka jumba la maduka. Baada yake yakaota majumba mengine hadi mtaa mzima ukawa soko. Kila kitambaa, kila zulia, kila kiatu kilicho ndani ya majumba hayo kilipanda ngazi mgongoni mwa mtu. Mjomba alikuwa mmoja wa watu hao kwa miaka kumi na mmoja. Alitoka Kuria akiwa kijana, akafikia kwetu Section Three, akaanza kubeba.

Mwaka wa 2016 alikuwa juu ya lori akishusha robota za nguo. Kamba ikakatika, yeye akatangulia chini, na robota ikamfuata. Mfupa wa mgongo ukavunjika usawa wa kifua. Mikono ilibaki mizima, lakini kuanzia kitovuni kwenda chini hakukubaki kitu.

Wiki za kwanza miguu yake ilikuwa kama nguo zilizolowa. Ukiinua mmoja, unaanguka. Halafu usiku mmoja, akiwa tayari nyumbani, mama alikuwa anamfunika blanketi na goti la kulia likaruka. Mama akapiga kelele. Tukakimbia. Akamfunika tena, likaruka tena, na safari hii mguu wote ukanyooka ukawa kama mti. Mama alilia kwa furaha. Kesho yake jirani zetu walikuja kuomba na kushukuru, chai ikapikwa sufuria mbili, na mtu akasema ndani ya miezi sita mjomba atakuwa anapanda ngazi za Amal Plaza.

Mguu haukuwa unaamka. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokuja kujifunza, na hakuna aliyetuambia hadi siku ya kliniki.

Elimu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka wa 1861 daktari Mwingereza aitwaye William John Little, ambaye yeye mwenyewe aliishi na mguu uliopinda, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London kuhusu watoto waliopata shida wakati wa kuzaliwa na wakakua na miguu migumu, inayopishana kama mkasi. Wengi katika Afrika Mashariki tunawajua watoto wa aina hiyo. Ni ule ugonjwa wa ubongo unaompata mtoto karibu na kuzaliwa, ambao zamani uliwafanya akina mama wengi wafichwe na watoto wao. Mwishoni mwa karne hiyo, mwaka wa 1898, Charles Sherrington alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba ukiutenga ubongo wa juu na sehemu ya chini, miguu hailegei, bali hukakamaa. Kumbe misuli ina tabia yake ya kuitikia ikivutwa, na sehemu kubwa ya kazi ya ubongo ni kuiambia itulie. Njia ya ujumbe huo ikikatika, misuli hujiamulia. Ukiigusa tu inaruka, ukiinyoosha haraka inakataa, na ubaridi wa blanketi unatosha kuwasha vita.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya mjomba na fundi wa viatu wa mtaani kwetu, ambaye mguu wake ulipigwa na polio utotoni. Polio huua zile neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye msuli, na msuli hulegea na kukonda. Kwa mjomba neva hizo ziko hai. Zimekosa tu mtu wa kuziambia tulia.

Nyanya yetu huko Kuria aliposimuliwa, hakushangaa. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime nchini Tanzania, watu wa rika lake waliwahi kuona majirani waliolala wazima wakaamka miguu imekakamaa. Wakati wa ukame wa katikati ya miaka ya 1980, watu wa Tarime walikula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuukausha siku za kutosha, kwa sababu njaa haingojei. Sumu ya muhogo huo, mwili ukiwa hauna protini ya kutosha ya kuivunja, huharibu zile njia za ujumbe kutoka kwenye ubongo. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka wa 1938 kutoka Kwango, huko Kongo ya Wabelgiji. Mwaka wa 1981 ulilipuka kaskazini mwa Msumbiji na kuwapata watu zaidi ya elfu moja. Madaktari waliowachunguza wagonjwa wa Tarime, akiwemo William Howlett wa hospitali ya KCMC kule Moshi, walichapisha utafiti wao mwaka wa 1990. Konzo hairudi nyuma. Aliyepatwa huishi nayo.

Nimeitaja konzo kwa sababu moja. Mkakamao wa misuli si ugonjwa wa vitabu vya Wazungu. Watu wetu wanaujua vizuri hadi wameupa jina. Kilichokuja kutoka mbali ni tembe.

Tembe yenyewe ilizaliwa kwa kukosea shabaha. Mwaka wa 1950 watafiti wa Marekani waligundua kwamba ubongo una kemikali iitwayo GABA. Baadaye ikafahamika kwamba hiyo ndiyo mojawapo ya sauti kuu ambazo ubongo hutumia kusema "tulia". Wazo likafuata: kifafa ni ubongo uliokosa utulivu, basi mpe mgonjwa GABA. Shida ni kwamba GABA ukiimeza haipiti vizuri kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mlangoni kuna askari. Mwaka wa 1962, katika kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, mkemia Heinrich Keberle aliichukua GABA akaivisha nguo nyingine, yaani akaibandikia kipande cha kemikali cha kuisaidia kupita. Kitu alichopata ndicho baklofeni.

Kwa kifafa haikufua dafu. Ingeweza kuishia kwenye rafu. Lakini waliokuwa wanaijaribu waliona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa misuli iliyokakamaa ililegea. Ikabadilishiwa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianza kuuzwa Ulaya kwa jina la Lioresal, na mwaka wa 1977 ikaruhusiwa Marekani. Na hapa kuna kitu ambacho mimi hukirudia kila mara. Wakati huo wote hakuna aliyejua hasa inafanyaje kazi. Ilikuwa mwaka wa 1980 ndipo Norman Bowery na wenzake walipoonyesha kwamba inashika mahali pake pa pekee kwenye neva, tofauti na mahali palipokuwa panajulikana, pakaja kuitwa GABA-B. Watu walikuwa wameimeza kwa karibu muongo mzima kabla ya mlango wake kujulikana.

Kwa hiyo sisi wa Section Three hatukuwa wa kwanza kuitumia bila kuielewa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanaandika kila walichokiona.

Mgonjwa wa mgongo kufika umri wa kuhitaji tembe za miaka mingi nalo ni jambo jipya katika historia. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa ndani ya muda mfupi, wakiuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo. Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wadi ya majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alisisitiza mambo ambayo leo mama yangu anayafanya bila kujua yametoka kwa nani: mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili, linda kibofu, mnyooshe viungo, mpe kazi ya kufanya. Hapa Nairobi pia, hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iliyoko Hurlingham ina mizizi yake katika miaka hiyo ya 1940, ilipoanza kwa kuwatunza askari walioumia vitani. Vita ndivyo vilivyofundisha dunia kwamba mtu aliyepooza anaweza kuzeeka. Sasa anazeeka akiwa na miguu inayoruka, na anahitaji dawa kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao.

Mjomba alianzishiwa baklofeni katika hospitali moja ya umma. Alianza na miligramu 5 mara tatu kwa siku. Yeye alitaka kubwa mara moja. "Mimi nilikuwa nabeba robota, unanipa ya mtoto?" Daktari alimcheka, akamwambia dawa hii hupandishwa kwa ngazi, siku tatu au zaidi kila ngazi, kwa sababu inafika kwenye ubongo wote, si kwenye mguu peke yake. Ukiruka ngazi unalala mchana, kichwa kinazunguka, unatapika. Wakapanda polepole hadi miligramu 20 mara tatu. Mara tatu kwa sababu haikai mwilini muda mrefu. Baada ya saa chache nusu yake imeshaondoka.

Pia walimpima figo kabla ya kupandisha, na sisi tukalalamika kwa gharama ya kipimo. Nimekuja kusoma kwa nini. Sehemu kubwa ya baklofeni hutoka mwilini kwa mkojo ikiwa vile vile ilivyoingia. Figo zikichoka, dawa hujaa mwilini taratibu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa au kuzimia kwa dozi ile ile iliyomfaa mwaka jana. Na watu wa mgongo, kwa sababu ya shida za kibofu, ndio hasa ambao figo zao ziko hatarini. Kipimo tulichokilalamikia kilikuwa ni kumlinda.

Mambo mengine tulijifunza kwa kujikwaa. Kuna wiki miguu ilikuwa inaruka usiku kucha, na mimi nikashauri tuongeze tembe moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anamtembelea akasema tusiongeze kitu, kwanza tumkague. Akamgeuza. Chini ya paja kulikuwa na kifuniko cha soda kilichomwingia hadi kuacha alama. Mjomba hawezi kukisikia, lakini uti wa mgongo ulikuwa unakisikia na kupiga kelele kwa njia pekee uliyobaki nayo. Tangu siku hiyo miguu ikizidi, tunatafuta kabla ya kuongeza: kidonda, ukucha ulioingia nyamani, choo kigumu, kiatu kilichobana, mkojo wenye harufu. Mara nyingi mkojo ndio wenye jibu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Mtaalamu huyo huyo ndiye aliyemfundisha mjomba asiuchukie ugumu wote. Akihama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, yeye huutumia mguu wake mgumu kama fimbo. Dozi ikizidi, fimbo inakuwa kamba. Na siku ambayo marafiki zake wa zamani walimletea kinywaji ili "alale vizuri", alilala hadi saa nane mchana, akipumua polepole sana, na mama akakaa pembeni yake akimhesabia pumzi. Pombe na dawa hii zote zinasema "tulia" kwa ubongo mmoja. Zikisema pamoja, ubongo unaweza kutulia kupita kiasi. Hata dawa nyingine za usingizi au za maumivu makali, lazima daktari aambiwe kabla.

Haya yote yalikuwa onyo upande wa kuzidisha. Upande wa kupunguza hatukuwa tumeufikiria kamwe. Nani anaogopa kutokumeza dawa?

Mwaka wa 2020 mwezi Machi vyuo vilifungwa, nikarudi nyumbani na begi moja. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa isitoke wala kuingiwa. Halafu tarehe 6 Mei, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba Eastleigh, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, inafungwa pia: hakuna kuingia, hakuna kutoka, maduka makubwa na masoko yafungwe. Ziliwekwa siku kumi na tano, zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Watu wengine wa Nairobi waliishi ndani ya mji uliofungwa. Sisi tulifungiwa mtaa ndani ya mji uliofungwa.

Tembe za mjomba tulikuwa tunanunua katikati ya mji. Kama nyumba nyingi hapa, hatukuwa tunanunua za mwezi. Tulinunua kadiri ya pesa iliyopo, unakatiwa kipande kwa mkasi, kipande ambacho mara nyingi hakina hata jina la dawa. Nilikuwa nimetumwa tarehe 4 Mei. Nikasema nitaenda kesho. Tarehe 5 kulikuwa na mvua. Tarehe 6 ikatangazwa.

Kemisti tatu nilizoingia hapa mtaani hazikuwa nazo. Ya nne alinipa dawa nyingine ya maumivu ya mgongo na kusema ni sawa tu. Mjomba akaanza kuzikatakata: nusu asubuhi, nusu jioni. Zikaisha. Akaniuliza itakuwaje, na mimi, mtu wa chuo, nikamjibu, "Si ni ya kulegeza misuli tu? Wiki moja haiui. Vumilia." Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika kwenye mtihani.

Usiku wa kwanza miguu ilipiga ukuta. Usiku wa pili mwili mzima ulikuwa mgumu, tumbo kama ubao, na jasho limelowesha godoro. Ilipofika alfajiri mjomba alikuwa anaongea na watu waliokuwa juu ya lori. Aliwaambia wasishushe, kamba imeoza. Aliwaita kwa majina, wengine walishakufa. Alikuwa anaona maruweruwe, macho yamemtoka, na mwili unawaka moto. Kisha akapatwa na kifafa, yeye ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani.

Jirani mwenye Probox akakubali. Kwenye kizuizi, askari alimulika tochi ndani ya gari, akaangalia uso wa mjomba, akatufungulia njia bila kuuliza karatasi. Hospitalini walimwona mtu mwenye homa kali anayeweweseka, ametoka Eastleigh, mwezi wa Mei 2020. Mtu yeyote angewaza walichowaza. Alitengwa, akachukuliwa vipimo vya corona, na sisi tukabaki nje ya lango. Ilikuwa mchana ndipo muuguzi mmoja alipotoka kuuliza, "Huyu mgonjwa ana dawa anazotumia siku zote?" Nikasema ndiyo, ya misuli. "Inaitwaje?" Sikujua. Miaka minne ndani ya nyumba yetu, na sikujua. Nilimpigia mama simu, naye akatafuta kwenye takataka chini ya kitanda hadi akapata kipande chenye herufi chache za mwisho. Muuguzi aliposikia "...lofen" aliuliza lini alimeza mara ya mwisho. Nikamwambia. Akageuka akakimbia. Sijawahi kumwona muuguzi akikimbia hivyo kwa ajili ya tembe.

Wakamrudishia baklofeni, pamoja na dawa ya kutuliza kifafa, na maji. Kwa siku mbili hatukujua. Siku ya nne aliuliza kama lori limeondoka. Siku ya sita aliuliza mimi niko wapi.

Nilipoanza kusoma baadaye, niligundua kwamba hakuna siri yoyote katika yaliyompata. Mwaka wa 1984, Richard Penn kule Chicago alianza kuwapa wagonjwa baklofeni moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, kwa pampu ndogo iliyozikwa chini ya ngozi ya tumbo. Kiasi kinachohitajika hapo ni kidogo mno ukilinganisha na tembe, na kwa wengi ilikuwa ukombozi. Lakini pampu huisha dawa, na mrija huziba. Wagonjwa ambao dawa yao ilikatika ghafla walipata homa kali, maruweruwe, misuli ikakaza hadi ikaanza kuvunjika yenyewe, na baadhi wakafa. Mwaka wa 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liwekwe ndani ya kisanduku cheusi mwanzoni kabisa mwa maelezo ya dawa hiyo ya pampu. Nayo karatasi ya tembe ina onyo lake: usiache ghafla, punguza taratibu, kwa wiki moja au mbili au zaidi, kwa mpango wa daktari. Mwili uliozoea kuambiwa "tulia" kila baada ya saa nane, ukinyamaziwa ghafla, hausubiri. Unalipuka kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza dawa.

Onyo hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Sisi hatukuwahi kuliona boksi. Tuliona kipande kilichokatwa kwa mkasi.

Kwa muda nilitaka kumlaumu mtu. Kuna mengi ya kulaumu: kufungwa kwa mtaa bila mtu kufikiria nani anameza nini, sheria ya dawa tuliyorithi kutoka ukoloni inayodai cheti cha daktari huku dawa zikiuzwa kama peremende, na umaskini wa kununua tembe sita sita. Lakini nikirudi kwenye tarehe zile, nafika kila mara kwenye tarehe 4 Mei, siku ambayo barabara ilikuwa wazi, nauli ilikuwa mfukoni, na nilisema kesho.

Vyuo vilipofunguliwa sikurudi. Karo haikuwepo, hiyo ni kweli. Pia ni kweli kwamba sikutaka kuwa mbali na sahani ile ya plastiki.

Sasa nyumbani kuna utaratibu. Jina la dawa na dozi vimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi, moja imebandikwa mlangoni, nyingine iko ndani ya pochi ya mjomba pamoja na kitambulisho, na mama amelikariri kama Baba Yetu. Tunanunua zikibaki za wiki mbili, si zikibaki za siku mbili. Tunaomba boksi, au angalau upande wa kipande wenye jina na tarehe ya mwisho. Kemisti akisema hii nyingine ni sawa tu, tunampigia daktari kwanza. Dozi ikisahaulika, hatumezeshi mbili pamoja kufidia. Figo hupimwa. Na kila kliniki mjomba huuliza mwenyewe kama bado anaihitaji kiasi hicho, kwa sababu nayo ni haki yake, kushuka, mradi ashuke kwa ngazi zile zile alizopandia.

Jumapili iliyopita nilihesabu zikawa arobaini na nane. Siku kumi na sita. Nikaandika. Mjomba alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha, akiangalia chini barabarani ambako vijana walikuwa wanashusha zulia kutoka kwenye lori, wakiimbiana hesabu ili wainue pamoja. Goti lake likaruka kidogo, akaliwekea mkono juu, kama mtu anavyomshika mtoto kichwani.

"Mwanafunzi," akasema bila kugeuka, "kesho ni Jumatatu. Nenda asubuhi."

"Bado ziko za siku kumi na sita, mjomba."

"Nimesikia. Nenda asubuhi."

Nilienda.